Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu, na wageni mliotufikia,

Asanteni kwa kuja. Najua waliotoka Kyela na Busokelo wameanza safari kabla ya adhana, na barabara mnaijua ilivyo msimu huu. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, kwa hiyo sitazigusa. Mimi naomba nikae kwenye jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima: kazi yetu na wanasayansi wanaokuja kutoka nje kupima milima yetu.

Tunakaa mahali ambapo Bonde la Ufa linagawanyika. Tawi la Rukwa linaelekea kaskazini-magharibi, la Usangu kaskazini-mashariki, na la Nyasa linateremka kusini. Katikati ya makutano hayo zimesimama Ngozi, Rungwe na Kyejo. Tunalima chai na viazi kwenye miteremko yake mpaka tunasahau kwamba hizi ni volkano. Rungwe ililipuka vibaya kiasi cha miaka 4,000 iliyopita, na majivu yake yamekutwa kwenye tope lililochimbwa chini ya Ziwa Nyasa. Kyejo ilimwaga lava karibu na mwaka 1800. Hiyo ya Kyejo inanigusa kuliko zote, kwa sababu wa kwanza kuitunza habari yake ni wazee wa Kinyakyusa, waliowasimulia watoto wao, na wanajiolojia wakaja kuiandika baadaye. Wabelgiji wamefanya kazi kubwa kwenye tabaka za majivu ya Rungwe. Sisi tulikuwa na kumbukumbu, wao walikuwa na vipimo, na historia ya mlima ikapatikana kwa kuviweka pamoja.

Hatari za huku hazina pasipoti. Desemba 2009 matetemeko yaliitikisa Karonga kwa wiki kadhaa, na kubwa lililopiga usiku wa kuamkia tarehe 20 lilifika ukubwa wa 6.0. Karonga iko Malawi, lakini ukisimama Kasumulu, mpakani, hapo ni kwa jirani. Ndiyo maana kati ya 2013 na 2015 wanasayansi wa Marekani, Malawi na Tanzania walitega vipima-tetemeko kuzunguka sehemu ya kaskazini ya ziwa, nchi zote mbili, na vingine wakavizamisha mpaka chini ya maji. Nchi moja peke yake ingepata nusu ya picha, maana ufa wenyewe unapita pande zote mbili.

Wapo wanaouliza ushirikiano wa namna hii unamsaidia nini mtu wa kawaida. Huwa nawapa mfano wa Ziwa Nyos, Kameruni. Agosti 1986 hewa ya kaboni dayoksaidi ilifumuka kutoka kwenye kina cha ziwa lile, ikateremka mabondeni usiku, ikaua watu wapatao 1,700. Ni hewa nzito kuliko hii tunayovuta, kwa hiyo hujaza mashimo na mabonde. Wataalamu kutoka nchi mbalimbali walifika, wakaelewa kilichotokea, na mwaka 2001 bomba likashushwa ziwani ili hewa itoke kidogo kidogo, badala ya kusubiri ifumuke tena. Mabomba mengine yakaongezwa 2011. Sisi wa Rungwe tunayo mashimo ambamo ndege na wanyama wadogo hukutwa wamekufa. Tusiyaite ya kichawi, na watoto wasichezee humo.

Sasa niseme lililoniuma. Miaka ya nyuma niliipeleka timu moja kwenye chemchemi ya maji moto. Nilibeba chupa zao, nikawatafutia mahali pa kulala, nikawatafsiria kwa wenye shamba. Waliahidi kuleta majibu. Mpaka leo mwenye shamba akinikuta sokoni ananiuliza, nami sina karatasi ya kumwonyesha. Mzee yule alitoa njia yake bure.

Kwa hiyo mwaka huu kamati imeweka utaratibu, na naomba mkutano uuthibitishe. Kila timu tutakayoisindikiza itasaini ukurasa mmoja: matokeo yarudi kijijini kwa Kiswahili, kijana wa hapa afundishwe kushika chombo cha kupimia, na namba zilizopimwa ziachwe pia nchini. Si uchoyo. Mwongozo wa Sendai wa kupunguza hatari za maafa, uliokubaliwa na mataifa huko Japani Machi 2015 na unaokwenda mpaka 2030, una malengo saba. La sita ni ushirikiano wa kimataifa kwa nchi zinazoendelea, la saba ni watu kufikiwa na tahadhari za mapema. Tahadhari isiyoeleweka na mama wa Isongole haijamfikia.

Nasi tuna wajibu wetu. Mwanachama wetu mmoja, mwalimu mstaafu, husoma kipima mvua kila siku saa tatu asubuhi. Asubuhi moja ya masika nilimkuta amepiga magoti kwenye matope. Bomba la ndani lilikuwa limejaa na maji yamemwagikia kopo la nje. Hakukisia. Alisoma bomba, akalimwaga, akamimina ya kopo humo, akasoma tena, akajumlisha kwa penseli kwenye daftari lililofungwa nailoni. Kisha akampigia mwenyekiti wa kitongoji, na kaya za chini ya mteremko zikaambiwa zisilale huko usiku ule. Mteremko haukuporomoka, na hakuna aliyelalamika kuhamishwa. Tumeona Aprili 2024 udongo wa Mlima Kawetere ulivyofukia nyumba Itezi, jijini Mbeya. Nyufa ardhini, miti inayoinama na chemchemi inayogeuka tope ghafla viandikwe siku hiyohiyo, na taarifa iende kwa serikali ya mtaa.

Daftari lile ndilo wageni waliloomba kwanza walipofika mwaka huu. Setilaiti inaona wingu kutoka juu, lakini kujua mvua iliyofika chini wanahitaji mtu aliyepima. Walipiga picha kila ukurasa, na safari hii nakala ya kazi yao, kwa Kiswahili, imesharudi. Ipo mezani kwa katibu, pitieni mkitoka.

Mambo mengine ni mafupi. Ada bado inachelewa. Uchaguzi wa kamati utafuata baada ya chakula.

Vipima mvua viwili, cha shule ya juu ya bonde na cha karibu na kisima, havina msomaji tangu wasomaji wake wahame. Anayeweza kuamka mapema, Jumapili ikiwemo, ajiandikishe kwa katibu leo. Penseli na daftari tunatoa sisi.