Msiwakate jicho kamba wa mtoni

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee kamba wa maji baridi. Vijana wa huku kwetu Bagamoyo wamerudi kutoka mafunzo ya ufugaji wakiwa na mikasi. Wameambiwa wamkate jike jicho moja ili atage upesi.

Desturi hiyo ni ya kambamiti wa baharini, ambaye akifungiwa kwenye tangi mayai yake mara nyingi hugoma kuiva. Ndani ya kikonyo cha jicho, yaani kijiti kinacholishika jicho, mna tezi inayotoa homoni ya kuzuia mayai yasiive. Ukikikata, umeondoa breki. Ila kikonyo hichohicho hutoa pia homoni zinazopanga kujivua gamba, sukari ya damu na chumvi ya mwili. Aliyekatwa hujivua gamba ovyo, na akiwa bado laini wenzake humla. Hasara hiyo ya nini?

Kamba wa mtoni hahitaji mkasi. Mpe maji ya uvuguvugu, chakula cha kutosha na dume, basi. Majike wangu nawaona: rangi ya chungwa hujaa chini ya gamba la kichwa, jike hujivua, dume humsimamia asiguswe, na saa chache baadaye wamepandana. Kesho yake mayai yako chini ya tumbo, anayapepea kwa vijimiguu usiku na mchana, yaliyokufa anayachomoa. Kwa yule mkubwa wa Asia, Macrobrachium rosenbergii, kazi hiyo huchukua kama wiki tatu, mayai yakigeuka kutoka rangi ya chungwa kuwa ya kijivu. Tena akiwa bado ameyabeba, mengine yameshaanza kujaa mgongoni. Jike wa namna hii unamharakishia nini?

Watu wanakosa vifaranga kwa sababu nyingine kabisa. Watoto wa kamba huyu hawakui kwenye maji matupu ya mto. Mtafiti Shao-Wen Ling aligundua hilo Malaysia mwanzoni mwa miaka ya 1960: wanataka maji ya chumvichumvi, kama gramu 12 kwa lita. Wakifa, mfugaji humlaumu mama kwamba hatagi vizuri.

Nawaomba wanaoandaa mafunzo haya waondoe somo la mkasi kwa kamba wa maji baridi, na muda huo wawafundishe vijana kupima chumvi. Kifaa chenyewe kimoja kinatosha kijiji kizima, na bahari tunayo hapa mlangoni.

Mfugaji,
Bagamoyo