Maji ya Kisima cha Chumvi na Sakulenti Zinazodumaa

Wateja wetu wengi wa Kigamboni, Dar es Salaam, hununua sakulenti, yaani mimea ya majani au mashina manene yanayohifadhi maji, wakiamini kwamba mmea unaostahimili jua la jangwani hauwezi kushindwa na maji ya kisima. Imani hiyo ndiyo inayotuletea kitaluni, hasa kiangazi kinapokolea, mishubiri yenye ncha zilizokauka na sakulenti aina ya echeveria zilizokaa miezi mingi bila kuongeza hata jani moja. Kustahimili ukame na kustahimili chumvi ni mambo mawili tofauti: mpungate, ambao huota hata penye mawe matupu, mizizi yake hudumaa upesi inapokutana na chumvi.

Chumvi huyashikilia maji yaliyomo udongoni, hivyo mizizi hulazimika kutumia nguvu zaidi kuyavuta, na mmea unaweza kuwa katika udongo mbichi kabisa na bado ukawa na kiu. Pamoja na hayo, sodiamu na kloraidi, yaani sehemu mbili zinazounda chumvi, huingia ndani ya mmea na kujikusanya zaidi katika majani ya zamani, ambayo huanza kukauka kutoka nchani. Kwa kuwa sakulenti nyingi hukua polepole hata zikitunzwa vizuri, na zina akiba ya maji ya kuzisitiri kwa muda, madhara hayo huchelewa kuonekana. Yakishaonekana, mwenye mmea hudhani ni ukame, akaongeza maji yaleyale.

Hapa hatuna budi kuijadili kanuni ambayo sisi wauza miche huirudia kila siku: mwagilia kidogo, tena kwa nadra. Kwa maji ya mvua haina kasoro. Kwa maji ya chumvi, kila tone lisilotoka chini ya chungu hupanda hewani na kuiacha chumvi yake ndani. Chukua lita moja yenye gramu 2 za chumvi, uimwage kila baada ya wiki mbili katika chungu kikubwa kisichochuruzika: kwa mwaka utakuwa umeweka humo gramu 52, karibu vijiko tisa vya chai. Ukoko mweupe unaouona kwenye ukingo wa chungu cha udongo ni sehemu ndogo tu ya chumvi hiyo.

Kuonja hakutoshi, na kuchemsha hakuondoi chumvi. Kipimo chetu husoma jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwa kizio cha desisimensi kwa mita; kadiri chumvi inavyozidi ndivyo namba inavyopanda. Kwa mwongozo wa FAO, yaani Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, maji yaliyo chini ya 0.7 hayana kikwazo kwa umwagiliaji, kati ya 0.7 na 3 yanahitaji uangalifu, na zaidi ya 3 yana kikwazo kikubwa. Maji ya bahari hufikia takriban 50. Kipimo cha mwaka jana kisikutulize, kwani chini ya ardhi ya pwani maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hukaa juu ya maji ya bahari, na pampu zikivuta kupita kiasi yale ya chumvi hupanda.

Mmea ulioathirika tunauhamishia katika mchanganyiko wa mchanga wa mtoni, kokoto ndogo na udongo kidogo, ndani ya chungu chenye matundu ya kutosha. Lakini ikiwa mizizi ingali mizima, hatuuhamishi, bali tunausuuza udongo uleule kwa maji ya mvua, mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu, kisha tunauacha ukauke kabisa kabla ya kumwagilia tena. Mbolea na samadi husubiri, maana nazo zina chumvi zake. Ukichanganya maji ya kisima na ya mvua nusu kwa nusu, chumvi hupungua karibu nusu. Hata hivyo, echeveria na haworthia tunashauri zipewe ya mvua pekee, na tanki dogo likijazwa wakati wa masika huzitosha kwa muda mrefu.

Anayetaka kupimiwa maji atuletee nusu lita katika chupa safi, akiyakinga baada ya pampu kufanya kazi kwa dakika chache, na aandike kwenye chupa kama yametoka kisimani moja kwa moja au kwenye tanki. Majibu hupatikana papo hapo.