Barua ya wazi kwa Henry Morgenthau Mdogo, kuhusu mdororo wa uchumi wa mwaka 1937

Mheshimiwa Waziri,

Ulifariki mwaka 1967, lakini hesabu ulizoacha Hazina ya Marekani bado zinabishaniwa kila uchumi unapodorora.

Haki yako kwanza. Ulitoka kwenye shamba lako la Dutchess County, ukakabidhiwa wizara Januari 1934. Kuanzia Machi 1935 Hazina ikauza hati za akiba za dola 25 kwa dola 18.75, zinazoiva baada ya miaka 10. Mwenye kipato kidogo akaweza kuikopesha serikali yake. Kazi hiyo tunaiheshimu.

Tunalolalamikia ni dhahabu. Bei ilikwisha kupandishwa kutoka dola 20.67 hadi 35 kwa wakia, na Ulaya ikiogopa vita, dhahabu ikamiminika Marekani. Kwa kawaida Hazina ilimlipa muuzaji kwa hundi, kisha ikaipa Federal Reserve, benki kuu ya Marekani, cheti cha dhahabu (hati inayowakilisha dhahabu iliyo Hazina) ili kujaza tena akaunti yake. Hundi ile ikifika benki, inakuwa akiba mpya ya kukopeshea watu. Desemba 1936 mkabadili utaratibu: dhahabu ikanunuliwa kwa fedha za kukopa, kwa kuuza hati za serikali, nayo ikafungiwa kando. Fedha iliyoingizwa kwa mkono mmoja ikatolewa kwa mwingine.

Hilo peke yake lingevumilika. Lakini Federal Reserve nayo, kati ya Agosti 1936 na Mei 1937, iliongeza maradufu sehemu ya amana ambayo benki hazikuruhusiwa kuigusa. Malipo makubwa ya serikali kwa askari wa zamani yalikuwa ya 1936 tu, hivyo 1937 fedha hiyo haikuingia tena mifukoni mwa watu. Januari 1937 makato ya pensheni yakaanza, asilimia 1 kwa mfanyakazi na 1 kwa mwajiri, ilhali pensheni za kila mwezi zilianza 1940. Ukijumlisha mfuko huo wa pensheni, nakisi ya bajeti ilishuka kutoka dola bilioni 4.3 katika mwaka wa fedha 1936 hadi bilioni 2.2, kisha chini ya milioni 100. Breki zote zilikanyagwa pamoja, na hakuna ofisi iliyozijumlisha.

Kuanzia Mei 1937 hadi Juni 1938 uzalishaji viwandani ulianguka kwa karibu theluthi. Hata hivyo, tarehe 10 Novemba 1937, mjini New York, uliahidi tena bajeti isiyo na nakisi. Uliiona nakisi kama ugonjwa wenyewe. Mishahara ikikatika, kodi hupungua, kwa hiyo kila ulichopunguza kilikula sehemu ya mapato uliyoyategemea.

Aprili 1938 Rais Roosevelt aliomba matumizi mapya ya zaidi ya dola bilioni 3, na dhahabu ya bilioni 1.4 ikafunguliwa. Wewe ukafikiria kujiuzulu. Mheshimiwa, njia mliijua tangu Septemba 1937, mlipoachia dhahabu ya dola milioni 300. Dhahabu iliyobaki ilikaa imefungwa miezi saba zaidi, na ndiyo miezi ambayo viwanda vilikuwa vikipunguza watu.

Kwa heshima,
Sisi tunaosoma hesabu zako