Tangazo likileta kirusi, gazeti lisijitoe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni fundi wa simu na kompyuta, na nataka kuzungumzia tatizo linalofika mezani kwangu mara kwa mara, ambalo chanzo chake ni matangazo yanayowekwa kwenye tovuti, zikiwemo za habari.

Msomaji anafungua habari kwenye simu. Hajamaliza hata aya ya pili, ukurasa unahama wenyewe. Inatokea nembo ya Chrome, kivinjari cha Google cha kufungulia tovuti, aina ya simu yake imeandikwa sawasawa, na chini yake maneno mekundu kwamba kivinjari kimepitwa na wakati, akisasishe upesi. Sekunde zinahesabiwa, simu inatetemeka. Akirudi nyuma, ukurasa ni uleule. Wengi huaminishwa na ile aina ya simu, kumbe kivinjari kinaweza kuitajia tovuti yoyote aina ya kifaa kinachotumika. Hakuna aliyeichunguza simu hiyo.

Akibonyeza, linashuka faili lenye mwisho wa .apk, yaani faili la kusakinisha programu kwenye simu ya Android. Simu inamuuliza kama anaruhusu programu kutoka chanzo kisichojulikana. Akikubali, programu inaomba ruhusa ya ufikivu, ile iliyowekwa kuwasaidia watu wenye ulemavu. Akiitoa hiyo amekwisha. Programu itasoma kilichopo kwenye kioo, itabonyeza kwa niaba yake, na itaziona namba za uthibitisho ambazo benki humtumia. Mwaka 2024 watafiti wa ThreatFabric, kampuni ya usalama wa mtandao, walieleza programu ya aina hii, Brokewell, waliyoikuta kwenye ukurasa wa apdeti bandia ya Chrome.

Wasomaji wako wajue kwamba Chrome ya simu za Android husasishwa kupitia Play Store, si kupitia ukurasa wa habari wala tangazo. Kwenye kompyuta hujisasisha yenyewe. Huko kwenye kompyuta, mwenye shaka abonyeze vitone vitatu vya juu kulia, aende kwenye Usaidizi, kisha Kuhusu Google Chrome, ataona kama toleo lake ni jipya. Anayeambiwa asasishe Flash Player, programu ya zamani ya kuonyesha video na michezo mtandaoni, anadanganywa moja kwa moja, kwani kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020.

Ukurasa huo ukikunasa, usiguse kitu ndani yake, hata ile alama ya kufunga, maana nayo mara nyingi ni mchoro tu. Bonyeza kimraba chenye namba kilicho juu ya kivinjari, uufunge kutokea huko. Ukigoma, ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta Chrome katika orodha ya programu, uilazimishe isimame. Kama hukusakinisha chochote, kwa kawaida hakuna kilichoharibika. Aliyekwisha kusakinisha azime data kwanza, aiondolee programu hiyo ruhusa ya ufikivu, aifute, kisha abadilishe nywila zake kwa kutumia kifaa kingine. Benki na kampuni yake ya simu azipigie siku hiyohiyo, asisubiri kuona kama fedha zitapungua.

Hayo ni ya msomaji. Lakini yapo yanayowahusu ninyi wenye vyombo vya habari, na ndiyo hasa yaliyonifanya niandike.

Tangazo la gazeti la karatasi huonwa na mtu kabla ya kupelekwa mtamboni. Kwenye tovuti, nafasi huuzwa kwa mnada wa sehemu ya sekunde wakati ukurasa unafunguka, tena kupitia kampuni kadhaa, na anayeshinda anaweza kuwa mtu asiyejulikana kabisa na chumba cha habari. Wahalifu wanautumia mwanya huo. Mkaguzi huonyeshwa tangazo la viatu. Mwenye simu huko mtaani ndiye anayewekewa mtego.

Niliwahi kuwaandikia wenye tovuti moja ya habari kuhusu tangazo la namna hii. Wakanijibu kwamba matangazo yao huletwa na kampuni ya nje. Jibu hilo sikubaliani nalo. Msomaji hakuifungua tovuti ya kampuni hiyo; alifungua gazeti kwa sababu analiamini jina lake.

Septemba 2009 tovuti ya The New York Times ilipatwa na mkasa huu. Mtu alijifanya mwakilishi wa kampuni ya simu ya Vonage, akanunua nafasi, matangazo yakaanza yakiwa ya kawaida, kisha yakageuka kuwa onyo la uongo la virusi. Gazeti liliwatangazia wasomaji wake lenyewe kilichotokea. Hapa kwetu sijaona tovuti ikifanya hivyo, ilhali aliyeibiwa ana haki ya kujua alipoibiwa.

Mafundi wenu wanaweza kuliweka kila tangazo ndani ya fremu isiyoruhusiwa kuuhamisha ukurasa wa msomaji. Teknolojia hiyo ipo miaka mingi, na wala haihitaji fedha nyingi. Mnaweza pia kuachana na mtandao wa matangazo unaorudia kosa, hata kama unalipa vizuri. Najua mapato ya magazeti yamepungua na mishahara inategemea matangazo haya. Hata hivyo, Desemba 2022 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, lenyewe liliwashauri wananchi watumie vizuia matangazo wanapotafuta vitu mtandaoni, nami wateja wangu nawawekea kivinjari cha Firefox chenye kizuizi hicho. Nitaendelea kuwawekea hadi kurasa zenu ziwe salama.

Kwa kuanzia, wekeni chini ya kila tangazo kiungo cha kuripoti tangazo la hatari, na awepo mtu ofisini mwenye mamlaka ya kuliondoa siku hiyohiyo, hata Jumapili.

Fundi na msomaji wako,
Morogoro