Chumvi ya Nunge na sababu ya sahani kuvunjika

Nagoya, Japani

Kwa Mjomba wangu mpendwa, Nunge, Bagamoyo.

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi ni mzima wa afya, na masomo yanaendelea. Katika barua yako umeuliza ni elimu gani hii ya kubana vijiwe mpaka vipasuke, na kwa nini sufuria ikianguka hubonyea ilhali sahani ya kauri huwa vipande. Swali hilo la pili ndilo kazi yangu yenyewe, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu, nikianzia kwenye kitu unachokijua kuliko walimu wangu wote, yaani chumvi.

Aluminiamu ya sufuria na punje ya chumvi zote ni fuwele: atomu zake zimepangwa safu juu ya safu kwa utaratibu usiobadilika. Kitu hubonyea pale safu moja inapoteleza juu ya nyingine bila kuachana nayo. Mwaka 1926 mwanafizikia Yakov Frenkel alipiga hesabu ya nguvu inayohitajika kuitelezesha safu nzima kwa mkupuo mmoja, akapata jibu kubwa mara maelfu kuliko nguvu inayotosha kuipinda fuwele safi ya metali. Jawabu lilipatikana mwaka 1934, pale wanasayansi Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kivyake, walipoeleza kwamba safu haitelezi yote kwa pamoja. Ndani ya fuwele mna mistari ya kasoro, mahali ambapo safu ya atomu imekatikia njiani, na mistari hiyo huitwa dislokesheni. Ikisukumwa, dislokesheni husogea hatua kwa hatua, kama jongoo ambaye hanyanyui miguu yote kwa wakati mmoja bali huipitisha kwa mawimbi, na inapotokea upande wa pili safu nzima huwa imeshahama.

Katika aluminiamu safari hiyo ni nyepesi. Katika chumvi kuna masharti, kwa sababu ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme, za sodiamu zina chaji chanya na za klorini zina chaji hasi, na safu ikiteleza upande usiofaa, chaji za aina moja hukutana uso kwa uso na kufukuzana. Kwa hiyo chumvi huteleza kwa urahisi kwenye safu zilizolala kimshazari tu, zile ambazo mwendo wake hauwakutanishi mahasimu. Hata hivyo huteleza, na hili ndilo ningependa ulishike, kwa maana watu wengi, wasomi wakiwamo, husema kwamba vitu vya jamii ya chumvi na kauri havipindiki kwa asili yake. Mwaka 1924 Abram Ioffe, mwanafizikia wa Urusi, alionyesha kwamba fuwele ya chumvi ya mwambani inayokatika mara moja ikiwa kavu, ikizamishwa katika maji ya uvuguvugu hupindika. Maji huiyeyusha ngozi yake ya juu pamoja na nyufa ndogo zilizomo, na ufa unapokosa pa kuanzia, dislokesheni hupata muda wa kufanya kazi yake.

Basi utauliza mbona sahani haipindiki hata ukiichemsha. Sahani si fuwele moja. Ni chembe nyingi mno zilizoshikamana, kila moja ikielekea upande wake. Mwanahisabati Richard von Mises alikwisha onyesha mwaka 1928 kwamba ili chembe kama hizo zibadilike umbo bila kuachana, kila moja inahitaji njia tano za kuteleza zisizotegemeana. Fuwele zenye mpangilio wa chumvi, kwenye safu zile nyepesi, zinazo mbili tu. Chembe moja ikijinyoosha, jirani yake haiwezi kuifuata, na mpaka baina yao unafunguka kuwa ufa. Tena kauri ya mezani ina kioo ndani yake, na kioo hakina safu kabisa. Mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye makaburi ya kale ya Kaole, hapo karibu na Bagamoyo, yalikuwa na hali hiyohiyo.

Hapa Nagoya ndipo ilipogunduliwa habari iliyonivuta nije. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha hapa walitangaza kwamba fuwele ya zinki salfaidi, yaani zinki iliyoungana na salfa, ambayo chini ya taa ya kawaida hupasuka upesi ikibanwa, gizani hubanika hadi asilimia 45 bila kuvunjika. Mwanga huamsha elektroni ndani ya fuwele, nazo hunaswa na dislokesheni na kuzizuia kwenda. Nimewahi kusimama mbele ya mashine ya kubania fuwele hizo: fuwele ya milimita chache imewekwa kati ya vyuma viwili, chumba ni cheusi, na mtu hasikii chochote, jambo ambalo katika fani yetu ni habari njema. Binafsi naona ugunduzi huo umetufundisha zaidi kuliko miaka mingi ya kupasha vitu moto, ingawa moto pia hufaa: hata alumina, yaani kauri ya aluminiamu na oksijeni, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 2,050 za Selsiasi, huanza kuteleza ukiipasha vya kutosha.

Kama ungependa kuona kidogo, tafuta kwenye shamba la chumvi punje kubwa iliyo angavu, uweke wembe sambamba na uso wake, ugonge kidogo. Itapasuka kwa uso laini wa mraba. Nyingi za Nunge ni nyeupe kwa sababu zimefungia maji ya bahari ndani, na ndiyo maana hulia zikitupwa motoni. Hizo hazitakufaa, wala usitarajie kuzipinda. Jaribio la Ioffe linataka kipande kirefu na safi, nami nikirudi nitakuja nacho tukifanye pamoja, ila tusitumie beseni la Bibi.

Nisalimie Mama na wote nyumbani, na umwambie kwamba koti la baridi nimeshanunua.

Wasalaam,
Mpwa wako