Barua kwa mwanangu: Kondoo wa Langdale wanakusubiri

Mwanangu Neema,

Nimefurahi kusikia viza imetoka. Utafika Aprili, na kwa mtu mwenye kamera hakuna mwezi mzuri kuliko huo hapa Cumbria, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Kule mabondeni kusini kondoo wengi huwa wameshazaa tangu Februari na Machi, lakini wafugaji wa milimani hupanga uzazi uangukie Aprili, majani yanapoanza kuota, ili mama apate maziwa ya kutosha. Umeniuliza uanzie wapi kupiga picha za kondoo. Anzia bonde la Langdale, na uanze na Herdwick.

Herdwick ni kondoo wa milima hii. Huzaliwa mweusi tii. Akikua sufu hugeuka kahawia iliyokolea, kisha kijivu kinachozidi kupauka mwaka hadi mwaka, na uso unakuwa mweupe kama ulioangukiwa na umande ulioganda wa alfajiri. Kwa hiyo ndani ya picha moja utakuwa na mama mwenye uso mweupe na mtoto mweusi amejibanza ubavuni kwake, na hapo kamera itahangaika. Ukiiacha ijiamulie, ama uso wa mama utaungua kwa mwanga, ama mtoto atabaki doa lisilo na macho. Pima mwanga kwenye uso wa mama, piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, halafu ule weusi uufungue taratibu kwenye kompyuta. Siku ya mawingu ni bora zaidi kwa kazi hii, maana kivuli kinakuwa laini na unaona hadi unyevu kwenye pua ya mtoto.

Jua likitoka, usiwe na haraka ya nyumbani. Huko Moshi ukichelewa kidogo jioni giza limeshaingia. Huku mwishoni mwa Aprili jua linazama baada ya saa mbili na nusu usiku, na linashuka kwa mshazari, polepole. Bondeni milima inaliziba mapema, kwa hiyo panda juu kidogo. Kondoo akiwa kati yako na jua, sufu inawaka pembezoni mwake mwote.

Sasa namna ya kumkaribia, na hili nalisisitiza kuliko lenzi. Mboni ya jicho la kondoo imelala, na macho yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa. Usimwendee moja kwa moja. Pita kwa upande, simama, kaa chini, mwache arudie majani yake. Vichwa vikiinuka vyote kwa pamoja, umeshasogea mno. Mama akipiga mguu wa mbele ardhini, rudi nyuma. Mtoto aliyezaliwa saa chache zilizopita akitenganishwa na mama yake anaweza kukataliwa, na hakuna picha inayostahili hasara hiyo. Ndiyo maana nakuwekea lenzi ndefu. Fuata njia ya miguu ya umma, na geti uliache ulivyolikuta.

Ukimkuta kondoo amelala chali, miguu juu, weka kamera chini mara moja. Hapumziki. Uzito umemshinda, gesi inamjaa tumboni, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Shika sufu begani na kwenye nyonga, mgeuze, umshikilie mpaka miguu ipate nguvu. Halafu mtafute mwenye shamba umwambie.

Utaona pia alama za rangi kwenye sufu, nyekundu au buluu, begani, mgongoni au kiunoni. Usizifute kwenye kompyuta! Kila shamba lina alama yake, na masikio pia hukatwa kwa mtindo wa shamba, kama Wamasai wanavyokata masikio ya mifugo yao. Milimani juu hakuna uzio kati ya kundi na kundi. Kondoo anabaki sehemu yake kwa sababu alizunguka hapo na mama yake alipokuwa mdogo, akajua wapi pana majani na wapi pa kujikinga na upepo. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliipiga Cumbria kuliko mkoa mwingine wowote wa Uingereza. Nchi nzima waliuawa wanyama zaidi ya milioni sita. Mfugaji aliyepoteza kundi la mlimani hakuweza kwenda tu mnadani kununua jingine, kwa kuwa kondoo wageni hawaujui mlima. Ndiyo sababu nataka upige picha ya mama na mtoto wakiwa na mlima wao nyuma, uonekane vizuri. Picha za madoa meupe kwenye kijani zimejaa kwenye maduka ya kadi pale mjini Ambleside. Zinapendeza, ila humo kondoo hana kwao.

Na wao wanatutazama pia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliwafundisha kondoo kuitambua sura ya Barack Obama kwenye picha, wakaweza. Kwa hiyo rudi kwa kundi lile lile kila asubuhi, na uvae koti lile lile.

Buti usinunue, utavaa zangu. Lete koti la mvua na soksi nzito. Jambo moja la mwisho: mzee mwenye shamba ninalopiga picha haamini kwamba kondoo wa babu hawana sufu. Kabla ya kusafiri wapige picha wale wa mkia mnene pale kihambani, uzichapishe mjini kwa ukubwa wa kutosha, uje nazo kwenye begi la mkononi zisikunjike. Nimeshamwahidi.

Mama yako