Barua kwa Mhariri: Tupime Kwanza Ndipo Tubadili Bomba la Hewa

Mhariri,

Nimesoma makala katika ukurasa wenu wa magari iliyowahimiza wenye magari ya spoti waondoe boksi la kichujio cha hewa lililotoka na gari kiwandani, wafunge badala yake bomba pana lenye kichujio cha wazi, kwa ahadi kwamba injini itaongezeka nguvu papo hapo. Kazi yangu ya kila siku ni injini za magari ya aina hiyo. Sipingi mabadiliko hayo, kwa kuwa nimewafungia wateja wengi na baadhi yao wamenufaika nayo. Kilichonisukuma kuandika ni kwamba makala ilimwahidi msomaji nguvu za farasi za ziada bila kumwonyesha namna ya kujua kama gari lake lina upungufu wa hewa hata kidogo, ilhali namna hiyo ipo, ni nyepesi, na ingepaswa kutangulia ununuzi.

Injini ya petroli haivuti hewa kwa nguvu isiyo na kikomo. Pistoni inaposhuka, shinikizo ndani ya silinda hupungua, na hewa ya nje, ambayo usawa wa bahari ina shinikizo la takriban kilopaskali 101, husukumwa kuingia. Kila kizuizi njiani, iwe ni mdomo wa bomba, karatasi ya kichujio au kona kali, hula sehemu ya shinikizo hilo. Swali la kwanza kwa mwenye gari, basi, ni kiasi gani kinaliwa.

Kukipima hakuhitaji mitambo mikubwa. Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ukunje uwe na umbo la herufi U, utie maji yenye rangi hadi nusu, kisha uunganishe ncha moja kwenye tundu dogo la bomba la hewa, kati ya kichujio na throtli (kilango kinachofunguka ukikanyaga mafuta ili hewa iingie kwenye injini), na ncha nyingine uiache wazi. Gari likiwa juu ya mashine ya kupimia nguvu, au katika uwanja uliofungwa huku msaidizi akisoma kipimo, kanyaga mafuta hadi mwisho mpaka injini ikaribie kikomo cha mizunguko yake. Maji yatapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, na kila sentimita 10 za tofauti ni sawa na kilopaskali 1 hivi. Mikono ya mpira iwe mirefu, walau mita moja kila upande, maana maji hayo hayatakiwi kuvutwa ndani ya injini hata tone.

Tuseme tofauti ni sentimita 20. Hizo ni kilopaskali 2, yaani karibu asilimia 2 ya shinikizo la hewa ya nje. Kwa injini isiyo na turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), hata kama fundi angeondoa kizuizi chote, jambo lisilowezekana kwa sababu kichujio chochote kina ukinzani wake, faida haingezidi sana asilimia hizo 2. Gari la farasi 200 lingepata farasi 4. Anayeahidi farasi 20 kwenye gari kama hilo kwa kubadili bomba peke yake anapaswa kueleza zinatoka wapi. Na zoezi hili lina faida nyingine ambayo watu wengi hawaifikirii: ukihamisha mpira na kupima kabla ya kichujio, utajua kizuizi kiko kwenye mdomo wa boksi, kwenye kichujio chenyewe au kwenye bomba linalofuata. Mara nyingi nimekuta kichujio kimeziba vumbi tu, na kipya cha aina ileile kikamaliza shauri.

Wahandisi wa viwandani hawakuwa wazembe katika jambo hili. Honda S2000 iliyotoka mwaka 1999 ilikuwa na injini ya lita 2.0 isiyo na turbo iliyotoa takriban farasi 240, na ilifanya hivyo ikivuta hewa kupitia boksi la kiwandani. Injini ya lita 2.0 ya mipigo minne inapozunguka mara 6,000 kwa dakika huvuta hadi lita 6,000 za hewa katika dakika hiyo, kwa sababu kila silinda hujaa mara moja katika kila mizunguko miwili. Aliyebuni boksi anaijua hesabu hiyo. Anachokilipia kwa nafasi na kona za ziada ni ukimya, uchujaji wa vumbi na usalama dhidi ya maji, na hivyo vitatu ndivyo mteja anavyovitoa sadaka anapofungua boksi, mara nyingi bila kuambiwa.

Sasa nije kwenye joto, ambalo makala yenu haikuligusa kabisa. Uzito wa hewa katika ujazo uleule hupungua kwa karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 3 za joto zinazoongezeka. Kichujio cha wazi kilichofungwa juu ya injini, bila ukuta wa kukitenga na bila njia ya kuleta hewa kutoka nje, huvuta hewa iliyopita kwenye rejeta na kuzunguka ekzosi. Gari likiwa kwenye foleni, hewa hiyo inaweza kuzidi ya nje kwa nyuzi 30 bila shida. Ikiwa nje ni nyuzi 30 na chini ya boneti ni 60, injini inapata hewa pungufu kwa karibu asilimia 9. Dereva amekomboa asilimia 2 za shinikizo akapoteza asilimia 9 za uzito wa hewa, na kompyuta ya gari ikihisi joto hilo inaweza pia kuchelewesha moto wa plagi ili kuilinda injini. Mwendo ukichanganya, hali hurekebika, lakini gari la barabarani huanza safari nyingi kutoka kwenye foleni.

Ndiyo maana nina mashaka na vipimo vingi vinavyochapishwa pamoja na matangazo. Gari hupandishwa kwenye mashine ya kupimia nguvu, boneti hufunguliwa, feni kubwa huelekezwa moja kwa moja kwenye kichujio, na kichujio cha wazi huonekana shujaa. Hakuna anayeendesha gari boneti ikiwa wazi.

Wengine hubishana sana kuhusu bomba la alumini na la plastiki, wakidai alumini huchemsha hewa. Ukikanyaga mafuta kikamilifu ubishi huo hauna uzito mkubwa. Lita 100 za hewa kwa sekunde, ambazo ndizo zile lita 6,000 kwa dakika, zikipita katika bomba lenye kipenyo cha milimita 76 huenda kwa kasi ya mita 22 hivi kwa sekunde, kwa hiyo katika bomba la sentimita 60 hewa hukaa kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya thelathini ya sekunde. Kinachofaa kuuliza ni kichujio kinavutia wapi hewa yake.

Jambo linaloniumiza zaidi, na ambalo kwa maoni yangu lilistahili nusu ya makala, ni sensa ya kupima hewa inayoingia. Katika magari mengi ya kisasa sensa hii ina waya au kipande kidogo kinachopashwa moto kwa umeme. Hewa inavyozidi kupita ndivyo inavyokipoza, na kompyuta hukadiria uzito wa hewa kwa umeme unaohitajika kukirudisha kwenye joto lake. Lakini waya ule hauoni bomba zima. Unaona hewa inayopita mbele yake tu, na kompyuta hukamilisha hesabu kwa kudhani kwamba bomba lina kipenyo kilekile cha kiwandani.

Ukihamisha sensa kutoka bomba la milimita 70 na kuitia kwenye la milimita 76, eneo la njia limeongezeka kwa asilimia 18 hivi. Hewa ileile sasa inapita taratibu zaidi mbele ya waya, sensa inaripoti pungufu kwa karibu asilimia 15, na injekta zinamwaga petroli pungufu kwa kiasi hichohicho. Gari likienda kwa mwendo wa kawaida, sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi hugundua upungufu na kompyuta huongeza petroli, mpaka ifike mwisho wa uwezo wake wa kurekebisha, iwashe taa ya injini na kuandika msimbo P0171, unaoashiria petroli pungufu, au mwingine wa jamii hiyo. Dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho, magari mengi huacha kuifuata sensa ile ya oksijeni na kutegemea hesabu iliyopangwa kabla. Marekebisho ambayo kompyuta imekwisha kujifunza yanaweza kusaidia kwa kiasi, lakini yasiposaidia, mchanganyiko uliokusudiwa kuwa sehemu 12.5 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli hukaribia 14.7 kwa 1, wakati ambapo silinda ina joto na shinikizo kubwa kuliko wakati wowote. Hapo ndipo injini huweza kuanza kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe ovyo ndani ya silinda. Dereva anaweza asisikie chochote, kwa sababu bomba jipya linanguruma na linamfurahisha, na huenda hata gari likahisika jepesi zaidi kabla pistoni haijaanza kudhurika.

Kwa hiyo bomba lolote litakalofungwa kwenye gari lenye sensa ya aina hii ama liwe na kipenyo cha kiwandani pale sensa inapokaa, ama kompyuta iandikwe upya kulingana na bomba hilo na mchanganyiko uhakikiwe kwa kipimo. Sensa isikae karibu na kona, kwa kuwa hewa inayojizungusha huifanya isome ovyo na injini kutetemeka ikiwa imesimama bila kukanyagwa mafuta. Mshale ulio juu yake uelekee injini. Na kichujio cha pamba kinachopakwa mafuta kisilowe kupita kiasi. Waya wa sensa ulioshika utando wa mafuta na vumbi nimeuona mara nyingi: unaonekana kama nywele iliyovaa sufi ya kahawia, na gari lake hufika karakanani likiwa limekwisha kubadilishiwa plagi, koili na pampu ya petroli bila mafanikio.

Nikumbushe pia mipira midogo. Katika magari mengi bomba la hewa la kiwandani hupokea mvuke wa oili kutoka kwenye injini kupitia mpira wa pembeni, na katika gari moja lililoletwa kwangu mpira huo ulikuwa umezibwa kwa bolti kwa sababu bomba jipya halikuwa na tundu lake. Mvuke uliokosa njia ulikuwa umeanza kusukuma oili nje kupitia sili. Kinyume chake, mpira ukiachwa wazi upande wa bomba, injini huvuta hewa ambayo sensa haikuihesabu, tena hewa isiyochujwa. Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga ngumu kuliko chuma nyingi za injini, na ringi za pistoni hulipa gharama hiyo taratibu. Kwenye gari la turbo hatari huzidi: feni ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na klempu au skrubu iliyosahaulika ndani ya bomba huimaliza mara moja.

Nikiri kwamba turbo hubadilisha hesabu niliyoitoa juu. Kizuizi kabla ya turbo huizidisha kazi, kwa sababu kompyuta huilazimisha izunguke zaidi ili kufikia shinikizo lililopangwa, na hewa hutoka na joto kubwa zaidi. Hapo bomba zuri linaweza kufaa kuliko kwenye injini ya kawaida, hasa nguvu ikiwa imekwisha kuongezwa kwa njia nyingine. Hata hivyo kipimo ni kilekile cha maji, kikichukuliwa kabla ya turbo.

Kuhusu mabomba yanayoshusha kichujio hadi nyuma ya bampa kutafuta hewa baridi, hewa ni baridi kweli, ila ndipo maji ya barabarani yalipo. Chukua injini ya Toyota 86 ya kizazi cha kwanza: lita 2.0, silinda nne, ukandamizaji wa 12.5 kwa 1, yaani hewa hubanwa hadi sehemu moja kati ya 12.5 za ujazo wake. Pistoni inapofika juu, nafasi inayobaki katika silinda moja ni sentimita za ujazo 43 au 44 tu. Maji hayakandamiziki. Yakiingia zaidi ya hapo, mkono wa pistoni ndio unaopinda. Anayeishi kwenye mvua na madimbwi na akalifunga bomba la namna hiyo anapaswa kuambiwa hayo na anayemuuzia, kabla ya kulipa.

Wapo wanaotaka mngurumo, nami siwalaumu. Toyota wenyewe waliweka katika gari hilo la 86 paipu inayopeleka sauti ya hewa ya injini hadi ndani alipo dereva, bila kuvunja uchujaji. Sauti ni sababu halali ya kutumia fedha. Iitwe sauti, isiuzwe kwa jina la farasi. Mnunuzi aangalie vilevile sheria ya mahali alipo na masharti ya dhamana na bima yake. Katika jimbo la California nchini Marekani, kwa mfano, bomba la namna hii kwenye gari la barabarani linahitaji idhini ya mamlaka ya hewa ya jimbo hilo, na kifaa kilichoidhinishwa huwa na namba yake.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba ukurasa wenu utakaposifia tena bomba la hewa uchapishe pia vipimo hivi: upotevu wa shinikizo kabla na baada ya kulifunga, joto la hewa inayoingia gari likiwa kwenye foleni, uwiano wa hewa na petroli dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho, na nguvu iliyopimwa boneti ikiwa imefungwa, gari lilelile, siku ileile, kwa majaribio kadhaa ya kila upande. Fundi yeyote makini anaweza kuwapatia takwimu hizo kwa kazi ya siku moja, na mimi niko tayari kuwaonyesha waandishi wenu jinsi zinavyochukuliwa.

Wenu katika kazi,
Fundi wa injini na msomaji wa ukurasa wa magari